Kilebu wa Shamba: Atakuwa Jibwa au Kijibwa?

Ukurasa huu umezoeleka kwa habari za tenzi, ngoma na majina ya mitaa yetu ya kale, na najua wako wasomaji watakaokunja uso waonapo leo nimewaletea habari za mbwa. Nawaomba wasubiri kidogo kabla ya kufunua ukurasa wa pili. Mbwa ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafi, hilo halina mjadala, na chombo alichokitia ulimi huoshwa mara saba, moja kati yake kwa mchanga. Lakini mbwa huyo huyo ametajwa katika Sura ya Al-Kahf, amenyoosha miguu yake mlangoni mwa pango walimolala wale vijana wema. Na katika Sura ya Al-Maida tumehalalishiwa windo linalokamatwa na wanyama waliofundishwa. Sheria imempa mbwa mahali pake na kazi yake: kuwinda, kuchunga mifugo na kulinda shamba. Amfugaye bila haja kama hizo hupungukiwa na thawabu kila siku, kama ilivyopokewa katika hadithi zilizo sahihi.

Sasa basi, kilebu je? Neno hili, kwa vijana wasiolisikia, ni mtoto wa mbwa, na asili yake ni Kiarabu. Kilebu hawindi, hachungi, wala halindi chochote ila ziwa la mama yake. Maulamaa waliliona swali hilo zamani. Imamu Nawawi, fakihi mkubwa wa madhehebu yetu, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), aliona kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba yafaa kumlea kilebu anayetarajiwa kufundishwa mojawapo ya kazi hizo. Angalieni vizuri, ndugu zangu: ruhusa yenyewe imesimama juu ya tarajio. Na tarajio lataka ujuzi. Mtu awezaje kutarajia mlinzi iwapo hajui kama kiumbe alichokipakata ndani ya kikapu kitakuwa na kimo cha mbuzi au cha paka?

Swali hilo nimeletewa na jamaa yangu mwenye shamba upande wa Jilore, bara ya Malindi, pale shamba linapopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Analima mahindi na mihogo, na ana mbuzi wachache. Adui zake ni wawili: nguruwe mwitu, ambaye huja usiku, na nyani, ambaye hana haya hata ya mchana. Nguruwe mwitu humtimua kwa kelele, kwa hiyo mbwa wa kimo chochote mwenye sauti atamfaa. Nyani ni habari nyingine. Dume la nyani wa pwani yetu hufika kilo 20 hadi 25, na meno yake ya chonge ni marefu kuliko ya mbwa wengi. Mbwa wa kilo 10 akimkabili peke yake huraruliwa. Wakati huo huo jamaa yangu anaishi na mama yake mzee, mtu wa swala na uradi, ambaye hataki kusikia habari ya jibwa zito lenye nguvu za kukata kamba na kuingia barazani. Mbwa mdogo hamfai, na mkubwa kupita kiasi atamtia taabuni. Kilebu alipewa bure, Alhamdulillahi, kwani kumnunua mbwa kuna shaka nyingine katika madhehebu yetu: bei ya mbwa imekatazwa na hadithi. Alichoambiwa ni kwamba mama ni mbwa koko wa hapo kijijini, na baba ni jamani shepadi wa bangaloo moja ya ufuoni.

Mama wa kilebu hana siri, yupo na aonekana. Baba ni maneno ya watu. Na hili si jambo la kulipuuza. Mbwa jike akiwa katika joto hupandwa na madume kadhaa kwa siku chache, na vilebu wa uzao mmoja waweza kuwa na baba mbalimbali. Huyu ni mtoto wa shepadi, ndugu yake aliyelala ubavuni pake ni mtoto wa koko wa sokoni, na wote wamezaliwa usiku mmoja. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kilebu mmoja mkubwa akakwambia, “Na huyu wako ni ndugu yake, atafika hapo hapo,” mjibu kwa upole kwamba huenda ni ndugu wa ziwa tu.

Watu wa pwani tunapenda kusema nyota njema huonekana asubuhi. Wazee wa uwindaji nao wana dalili zao: mshike kilebu mguu, ukiwa mzito atakuwa jibwa; mvute ngozi ya shingo, ikilegea bado ana nafasi ya kujaza; mwangalie masikio, mkia, kichwa. Katika hizo, mguu ndio wenye ushahidi kiasi. Kilebu ambaye mifupa yake ina safari ndefu huwa na nyayo pana na vifundo vinene kuliko mwili wake, kwa sababu ncha za mifupa, ambako ukuaji hutokea, bado ni laini na zina kazi. Lakini nyayo zenyewe hutofautiana kwa nasaba, na mbwa wengine wana nyayo nene maisha yao yote bila kuwa wakubwa. Ngozi iliyolegea ni hivyo hivyo. Masikio hayasemi lolote juu ya kimo. Kuhusu tumbo, tafadhali msidanganyike: kilebu mwenye tumbo la duara na mbavu zinazohesabika hajashiba, ana minyoo. Minyoo hiyo huipata tangu tumboni mwa mama yake na katika maziwa, nayo huweza kuwaingia watoto wetu wachezao mchangani. Dawa yake huanza mapema, kilebu akiwa na wiki mbili, na hurudiwa.

Hata ukubwa wa kuzaliwa haufai kutegemewa sana. Mama mdogo aliyebeba vilebu saba huwazaa wadogo wote, hata kama baba yao alikuwa simba. Nafasi ya tumbo ndiyo iliyowabana. Baadaye, akiwaachisha, kila mmoja hufuata njia ya urithi wake.

Habari ya urithi wa mchanganyiko si mpya katika vitabu vyetu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, katika kitabu chake kikubwa cha wanyama aliwataja mbwa na majogoo wa asili mbili, akaona kwamba mchanganyiko mwingine hutoa mtoto aliye mkubwa na mwenye nguvu kuliko wazazi wote wawili, na mwingine hutoa aliye chini yao. Alikuwa mtu wa kutazama, na alichokitazama kipo mpaka leo: mtoto wa mchanganyiko hana mkataba wa kusimama katikati kamili ya wazazi wake. Katikati ni makadirio mazuri ya kuanzia, basi.

Wataalamu wa zama zetu wameingia ndani zaidi. Mwaka 2007 waligundua jeni moja, yaani chembe ya urithi, inayohusika sana na udogo wa mbwa. Huitwa IGF1, na kazi yake ni kuongoza kiasi cha homoni ya kukuza mwili. Mwaka 2022 wengine wakaonyesha kwamba badiliko lenyewe linaloleta udogo ni la kale mno: walilikuta katika mabaki ya mbwa mwitu aliyeishi Siberia miaka 54,000 iliyopita, kabla binadamu hajafuga mbwa hata mmoja. Mimi jambo hili lilinistaajabisha. Tulidhani vijibwa vidogo vya mapajani ni kazi ya mabibi wa Ulaya, kumbe mbegu ya udogo ilikuwa imebebwa na mbwa mwitu wakubwa, ikingoja. Lakini jeni hiyo haiko peke yake. Ziko nyingine nyingi zinazochangia, na kilebu hupokea nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba, kila mmoja katika uzao akipata nusu yake tofauti. Ndiyo maana mama koko, ambaye nasaba yake imechanganyika kwa vizazi visivyohesabika, aweza kumpa mtoto mmoja udogo wa babu yake na mwingine ukubwa wa nyanya yake.

Wamarekani wawili, Scott na Fuller, walilionyesha jambo hili kwa macho huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine, na kitabu chao kilitoka mwaka 1965. Waliwachanganya mbwa wa aina ya koka spanieli na mbwa wa Kongo aitwaye basenji. (Jina hilo, msomaji, lisikupite: ni ndugu wa neno letu “washenzi”. Mbwa wa Kiafrika aliyepachikwa jina la dharau leo huoshwa na kuchanwa katika mashindano ya Uingereza.) Vilebu wa kizazi cha kwanza hawakufanana sawasawa na mama wala baba. Walipopandishwa wao kwa wao, kizazi cha pili kikatoka kila mtu na sura yake.

Huko Marekani na Uingereza siku hizi mtu hufuta mate ya kilebu kwa pamba, akayatuma maabara, akarudishiwa karatasi yenye nasaba na makadirio ya uzito wa ukubwani. Ni elimu nzuri. Kwa mkulima wa Jilore, nadhani mizani ya kupimia maembe yatosha.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kilebu hupimwa si mara moja bali mara kadhaa, kwa wiki zinazojulikana, na kila kipimo huandikwa. Mbwa wa kimo cha kati hufika karibu nusu ya uzito wake wa ukubwani akiwa na miezi minne. Wale wadogo, wasiozidi kilo 10 ukubwani, huvuka nusu mapema zaidi, kama miezi mitatu. Na yale majibwa makubwa kabisa huchelewa hadi mwezi wa tano. Kwa hiyo njia rahisi ni kumpima kilebu wiki ya 16, ukazidisha kwa mbili, ukaongeza kidogo. Mwaka 2017 watafiti wa kituo cha Waltham, Uingereza, walichapisha michoro ya ukuaji wa mbwa, ya madume mbali na ya majike mbali, kwa mbwa wasiozidi kilo 40. Michoro hiyo huanzia wiki ya 12. Kabla ya hapo kilebu hajatulia katika njia yake.

Jamaa yangu alifuata. Alitenga kikapu kimoja kwa kazi hiyo peke yake, kisije kikarudi jikoni, akawa anampima kilebu akiwa mkavu, naye mkono mkavu. Kwani najisi haihami baina ya vikavu viwili, na hilo mama yake mwenyewe ndiye aliyemkumbusha. Wiki ya 8 alikuwa kilo 5. Wiki ya 12, kilo 8. Wiki ya 16, kilo 11. Karatasi ya kilo imebandikwa nyuma ya mlango wa ghala.

Sasa kuna hesabu mbili zinazotembea midomoni mwa watu. Ya kwanza ni hiyo ya kuzidisha kwa mbili: 11 mara mbili ni 22, ongeza kidogo, tuseme 24. Ya pili husema: gawa uzito kwa wiki alizoishi, kisha zidisha kwa wiki 52 za mwaka. 11 kwa 16, mara 52, ni karibu kilo 36. Tofauti ya kilo 12! Ipi ishikwe? Hii ya pili inadhani kilebu huongeza uzito ule ule kila wiki mpaka atimize mwaka, kama mtu ajengaye ukuta kwa tofali moja kila siku. Kilebu hakui hivyo. Hukimbia miezi ya mwanzo, kisha hupunguza mwendo. Mbwa wa kimo cha kati hukaribia kumaliza akiwa na mwaka, na miezi ya mwisho huongeza kidogo sana. Hesabu ya pili basi humkuza mbwa ambaye hayupo, na mimi naiweka kando.

Tuitazame na nasaba. Dume la jamani shepadi huwa na kilo 30 hadi 40. Mama koko wa jamaa yangu, alipopimwa, alikuwa 14. Katikati ya 35 na 14 ni kama 24 na nusu. Mizani na nasaba zimekutana mahali pamoja, na hilo lanipa moyo kwamba yale maneno ya bangaloo hayakuwa uongo. Laiti kilebu angekuwa kilo 6 wiki ya 16, ningesema baba ni koko mwenzake, shepadi ni porojo. Tena huyu ni dume. Jike wa uzao ule ule angetarajiwa kuwa mwepesi kidogo.

Wako waliomshauri amhasi mapema ili asikue sana. Maulamaa wana maneno yao juu ya kuhasi wanyama, nami simo. Lakini kwa upande wa kimo, ushauri huo umepinduka: dume akihasiwa kabla ya kukomaa, homoni zinazofunga ncha za mifupa hupungua, na miguu huendelea kurefuka kidogo zaidi. Na wako waliosema amnyime chakula abaki mdogo. Hawa sikutaka hata kuwajibu. Kilebu aliyenyimwa hapati udogo wa nasaba. Hupata miguu iliyopinda na ugonjwa, na mlinzi mgonjwa hana kazi shambani. Tena tumepokea katika hadithi kwamba yuko aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Wa kumnyima awe na lake la kujibu.

Mbwa wa kilo 24 ahitaji kama kalori 1,200 kwa siku, na wa kilo 36 kama 1,650. Yaani uzito umeongezeka kwa nusu, chakula kimeongezeka kwa zaidi ya theluthi. Kwa mwenye bangaloo si kitu. Kwa nyumba inayopima unga kwa kibaba, kalori 450 zaidi kila siku ni sahani ya mtu. Ugali peke yake haumtoshi mbwa anayekua. Ataka vichwa vya samaki, matumbo, mabaki ya nyama. Haya huhesabiwa kabla ya kumchukua kilebu, maana koko tunaowalaani sokoni na majaani, wengi wao walianza safari ndani ya kikapu, wakipendwa na watoto kwa uzuri wa macho yao. Mwezi wa sita mwili ukawa mkubwa, chakula kikawa kichache, kamba ikakatika au ikakatwa kwa makusudi. Nimewaona Malindi na nimewaona Mombasa, na sidhani mlolongo huo wahitaji ushahidi mwingine.

Kimo hutangulia na mwili hufuata. Mbwa wa jamaa yangu atakuwa mrefu karibu na urefu wake kamili kabla ya mwaka, mwembamba kama mwanzi, na wapita njia watasema hapana mlinzi hapo. Wasubiri, kifua hujaa baadaye. Kwa nyani, atakuwa amefika kilo za dume lao, na akiwa na mwenzake mmoja shamba litapumua. Kwa mama mzee, amejengewa banda lake mwisho wa uwa, upande wa pili wa kisima, na chombo chake cha maji kimetobolewa ukingoni ili kisichanganyike na vingine.

Limebaki la sindano. Kichaa cha mbwa kingali kinaua watu Kenya, wengi wao watoto, na serikali ilizindua mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo hivyo ifikapo mwaka 2030. Kilebu huchanjwa akitimiza miezi mitatu, na kila mwaka hurudiwa. Ni wakati ule ule wa kipimo cha wiki ya 12, kwa hiyo safari moja ya kwa daktari wa mifugo yaweza kumaliza yote mawili. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, mkubwa kwa mdogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitalini siku ile ile bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Na cheti cha chanjo kibandikwe pale pale nyuma ya mlango wa ghala, pamoja na ile karatasi ya kilo.